Jino Msibani

Kilio cha msibani kina ubaya wake: hakuna anayekuuliza unalilia nini. Tulikuwa Kishanda, tumemzika baba mkwe wangu, na binti yangu wa miaka sita alikuwa akilia huku ameshika shavu. Mawifi zangu walimkumbatia kwa zamu. "Mjukuu anamlilia babu yake," walisema, na wageni wakamsifu. Babu yake wapi! Lilikuwa gego, limetoboka.

Nilimpa maji ya chumvi asukutue, na dawa ya maumivu ya watoto. Akatulia kidogo, akaanza tena. Nikamwambia mume wangu tumpeleke hospitali. Alinivuta pembeni, kwenye migomba.

"Mkamwana haondoki kabla ya matanga kuisha. Watu watasema nini?"

"Waseme."

"Subiri kidogo basi, mama."

Nikasubiri, nikimenya ndizi kwa hasira mpaka nikajikata kidole.

Kesho yake mtoto aliamka hana maumivu. Wote wakafurahi, wakausifu omubilizi, yale majani machungu aliyosukutulishwa na shangazi yake. Mimi roho ilikataa kutulia. Tangu lini jino lililotoboka likajiziba? Kila nikikaa mkekani nilijikuta nimeinuka kwenda kumpapasa. Mchana shavu likavimba, mwili ukawa wa moto, na nilipompa uji alishindwa kupanua kinywa. Sikumuaga mtu. Nilimbeba mgongoni, bodaboda mpaka barabara kuu, kisha Hiace ya Bukoba, nami njia nzima naona dereva anatambaa.

Daktari wa meno alisema usaha umeshaingia shavuni. Maumivu yalikuwa yamekoma kwa sababu kiini cha jino kimekufa, si kwamba limepona. "Ukiona uvimbe na homa, usingoje tena," alisema. Akaling'oa, akautoa usaha, akataka tulale pale amwangalie.

Jioni simu ikaita: mume wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

"Kama ni habari ya matanga, malizeni bila mimi!"

Simu ikabadili mkono. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe, mjane mwenyewe, ambaye tangu mazishi hakuwa amezungumza na mtu.

"Mwana wange, amekunywa uji?"

"Amekunywa, mawe," nikajibu, nikimwita mama kwa kilugha. "Kidogo."

"Basi kaa naye. Huku tupo wengi."