Jamhuri Ndani ya Small Heath

Nilihamia nyumba ile ya Small Heath, Uingereza, mwaka 1970, mwanzoni mwa Februari, siku chache baada ya kuruhusiwa kuondoka bweni la wauguzi. Ilikuwa mojawapo ya nyumba nyembamba zilizoshikana bega kwa bega, mtaa wa pili kutoka Coventry Road. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kiingereza aliyekaribia miaka sabini, mfupi, mwenye mikono mikubwa. Mumewe alikuwa amefanya kazi miaka yote katika kiwanda cha pikipiki. Mjane huyo alimwita kila mtu "bab," neno la kule la kumwita mtu mpenzi, awe padri au mchuuzi wa makaa.

Jumanne yangu ya kwanza aliniamsha kwa kugonga mlango, kikaango mkononi.

"Bab, leo ni siku ya chapati za maji. Vaa viatu vya kukimbilia."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Lakini mchana, nilipotoka zamu, wanawake wa mtaa walikuwa wamejipanga barabarani na aproni zao, kila mmoja na kikaango chenye chapati moja. Kanuni ilikuwa kukimbia hadi kwenye nguzo ya taa huku ukiirusha chapati juu na kuidaka. Yangu iliishia kwenye kola ya jirani. Jirani aliibandua, akairudisha kikaangoni mwangu, akaendelea kukimbia. Jioni tukala nyingine kwa ndimu na sukari, na mama mwenye nyumba akanieleza kuwa zamani watu walikuwa wakimaliza mayai na maziwa kabla ya kufunga Kwaresima. Yeye mwenyewe hakufunga. "Lakini siku ikija mlangoni," alisema, "si adabu kuiacha isimame nje."

Hivyo ndivyo alivyoishi. Aprili mosi, siku ya wajinga, nilikuta mikono ya koti langu imeshonwa ikazibwa, naye akakiri sawasawa saa sita mchana, kwa sababu baada ya saa hiyo mzaha hauruhusiwi. Novemba alitushika sote wapangaji wake tukoroge unga wa keki ya Krismasi, kila mtu akinuia jambo lake kimoyomoyo bila kulitaja. Mimi niliyetoka Murang'a, niliyezoea sikukuu zenye kwaya na ng'ombe wa kuchinjwa, mwanzoni nilimwona kama mtoto mzee. Baadaye nikaanza kuona kazi iliyokuwa ndani yake. Mwanamke aliyebaki peke yake alikuwa amekataa siku zake zifanane.

Siku ile ya kukoroga keki ndipo aliponiuliza, "Na nyinyi mna siku gani?"

Nikamwambia kuhusu Jamhuri, tarehe kumi na mbili Desemba.

"Huadhimishwaje?"

"Kuna gwaride, ngoma, chakula. Na hotuba. Hotuba ndiyo hasa."

"Basi tutahitaji mtu wa kuhutubu," akasema, akatazama dari.

Juu yetu aliishi mpangaji mwenzangu, Kalasinga kutoka Nakuru. Kule alikuwa fundi wa magari mwenye gereji yake. Sasa alisugua shaba katika karakana moja ya Hockley, na jioni alirudi na vumbi la kijani kwenye ndevu. Alikuja mapema mwaka 1968, wakati Wahindi wa Kenya walipokuwa wakikimbilia ndege kabla sheria mpya ya Uingereza haijawafungia mlango. Mkewe na watoto walibaki wakingoja zamu yao ya kupewa kibali. Mimi na yeye tuliongea Kiswahili kwenye ngazi, naye aliniita dada.

Nilipomwambia habari ya Jamhuri, alitikisa kichwa.

"Dada, kule niliambiwa mimi si wa kwao. Hapa naambiwa mke wangu asubiri. Nisherehekee nini?"

Nilimweleza mama mwenye nyumba kwamba hatashuka, na kwa nini. Alisikiliza hadi mwisho, akasema tu, "Ana haki." Lakini hakuacha kuandaa.

Alishona bendera. Nyekundu aliitoa kwenye pazia, kijani kwenye kitambaa cha meza. Nyeusi ilitoka kwenye sketi aliyoivaa siku ya kumzika mumewe. Nilipomwona ameshika mkasi nilimshika mkono.

"Iache, mama. Tutatafuta kitambaa kingine."

"Imekaa kabatini inangoja mwingine afe," alisema. "Heri ifanye kazi."

Jumamosi yenyewe ikafika. Wiki ile umeme ulikuwa ukikatika ovyo kwa sababu wafanyakazi wake walikuwa kwenye mgomo baridi, kwa hiyo tuliweka mishumaa tayari. Nilikuwa nimepata unga wa mahindi katika duka la Wajamaika, unga wa manjano. Ulinishinda. Mara uji, mara mabonge. Mama mwenye nyumba alitazama sufuria, akapanda ngazi mwenyewe, polepole, akigusa ukuta. Nilimsikia akisema mlangoni kwa yule fundi:

"Sikuombi usherehekee serikali ya mtu. Naomba unisaidie jikoni, maana muuguzi anaunguza sufuria yangu."

Fundi alishuka. Alichungulia unga ule, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Huu ni wa njaa, dada. Ule wa msaada wa Amerika." Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akausonga ugali mpaka ukasimama. Tukala na sukuma wiki ya soko la mjini na nyama ya mbuzi. Mama mwenye nyumba alikula kwa vidole kama alivyotuona, bila kuomba uma.

Umeme ulikatika tukiwa mezani. Mama mwenye nyumba akawasha mishumaa, akaweka mmoja mbele ya fundi, akasimama kungoja hotuba.

Fundi alimwangalia, akaniangalia mimi. Kisha naye akasimama, akasema kwa Kiswahili:

"Siku ya Jamhuri ya kwanza nilikuwa chini ya lori. Lilikuwa la kupeleka watoto wa kwaya uwanjani, likafa mbele ya gereji yangu. Nililala chini yake mpaka injini ikawaka, watoto wakaenda wakiimba. Mimi Jamhuri sikuiona. Niliisikia tu kwa mbali, watu wakipiga kelele za furaha, nami nimelowa oili. Nikafurahi kama wao. Hakuna aliyeniuliza karatasi za uraia siku hiyo."

Alitaka kuendelea, akashindwa. Akakaa.

Mama mwenye nyumba hakuwa ameelewa neno. Alikuwa amesimama wima wakati wote, mikono ubavuni, kwa kuwa nilimwambia watu husimama wakati wa wimbo wa taifa, naye hakutaka kukosea. Alipiga makofi kwa muda mrefu. Kisha akamwomba fundi asimulie tena kwa Kiingereza, taratibu, naye akasimulia, na safari hii alifika mwisho: jinsi watoto walivyorudi jioni kumwonyesha bendera zao za karatasi.

Mwaka uliofuata majirani wawili walikuja na viti vyao. Mwaka 1972 mke wa fundi alishuka uwanja wa ndege na watoto watatu, na ugali wa Desemba hiyo aliusonga yeye, mumewe akikosoa kutoka mlangoni. Mama mwenye nyumba aliwafundisha watoto kurusha chapati.