Jeneza la Toader

Safta alikuwa na miaka ishirini na sita mto Bistrița ulipomchukua mumewe, Toader, aliyekuwa akiteremsha magogo kwa chelezo. Chelezo kiligonga mwamba, watu watatu wakatumbukia, wawili wakaokolewa. Toader hakuonekana tena. Mama yake, Varvara, aligoma kula. Kutwa alikuwa ukingoni akiliita jina la mwanawe mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya tisa Safta na shemeji yake Gavril walirudi kutoka bondeni na jeneza lililopigiliwa misumari. Walisema wamempata, ila hatazamiki. Varvara alilia, akazika, akaanza kula. Tangu hapo, kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi alipanda makaburini na ngano iliyochemshwa kwa asali, sadaka ya wafu, akamsimulia mwanawe habari za ng'ombe na za sisi majirani.

Ndipo wakaja kujenga bwawa la umeme. Ukuta ulipokaribia kwisha tuliambiwa bonde lote litafunikwa na maji, tuhamie mlimani sisi na wafu wetu. Kila kaburi lingefukuliwa mbele ya jamaa, mifupa ihamishiwe kwenye sanduku jipya. Varvara alishona shuka ya kitani ya kumfungia Toader. Safta alimtazama akishona wiki nzima, na usingizi ukampaa. Gavril alikwisha kufa. Siri ilibaki kwa Safta peke yake.

Asubuhi ya zamu yao, wachimbaji wakiwa wameshika sepetu, alimshika mama mkwe mkono.

"Mama, waambie wasichimbe. Hamna mtu mle."

"Hamna mtu vipi?"

"Ni mawe, mama. Mawe na koti lake. Ulikuwa unakufa huku nakuona."

Varvara hakupiga kelele. Aliwaambia wachimbaji waendelee. Mbao zilikuwa zimeoza, zikaachia zenyewe, naye akayaona mawe ya mtoni, laini, yamelaliana juu ya vitambaa vilivyooza.

"Kumbe miaka yote hii yuko kule chini mtoni," alisema, "na mimi nimempa mgongo, naongea na mawe."

"Nilitaka uishi."

"Nimeishi. Sasa wanamwongezea maji juu yake, sina hata pa kusimama nimwite."

Hakumsemesha tena. Waliishi nyumba moja kule mlimani miaka minne. Umeme ulipofika, Varvara alikataa taa chumbani mwake. Miguu ilipomwishia, Safta ndiye aliyemwogesha na kumlisha ugali kwa maziwa. Alikula, akageukia ukuta.

Tulipomzika, nilimwambia Safta kwamba alimtunza kama mama yake mzazi. Alikuwa akifuta udongo viatuni.

"Ningemwacha siku zile," alisema, "angekufa ananipenda."

Tuliteremka pamoja mpaka kwake, akaingia kukamua ng'ombe.