Kijiti cha Pamba Chini ya Friji

Asubuhi ile, kwenye kiwanda kidogo cha mtindi hapa Nyasubi, tulikuwa watano: msimamizi, dada mpimaji wa vijidudu, mama mfagiaji, mimi dirishani nikisubiri kununua mtindi, na mwanangu mgongoni.

Mpimaji alikuja na vijiti vya pamba vya kupangusia, avipeleke maabara. Msimamizi akamwongoza hadi kwenye meza inayong'aa.

"Pima hapa, dada. Tumesugua tangu alfajiri kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?"

"Wewe si mgeni wetu!"

Mpimaji akapangusa meza, akapangusa na mlango. Msimamizi akatabasamu kama bwana harusi, kisha akamgeukia mfagiaji. "Kikionekana kijidudu, mama, utarudi kwenu Masumbwe."

Mama yule alimtazama mwanangu anayenyonya kidole, kisha akachomoza midomo kuelekea chini ya friji, kwenye mfereji wa maji machafu.

Mpimaji akapiga magoti.

"Huko utachafuka, dada!"

"Uchafu ndio ulionileta."

Kijiti kikatoka cheusi.

"Nani kakuonyesha?"

"Pua yangu," akasema mpimaji, bila kumtupia mama hata jicho.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini naona ukipima palipooshwa kwa ajili yako, umepima ukarimu tu.

Maabara ilivikuta vijidudu kwenye ufa wa mfereji, ambao fagio haliufikii. Ufa umezibwa. Siku hizi mpimaji huja bila taarifa, na mama mfagiaji ndiye humshikia tochi.