Mabomba Yasiyopitisha Maji

Mume wangu ni fundi bomba, na mtaani wanamwita Mbona. Mwonyeshe friji, atauliza mbona nyuma pana joto na ndani pana baridi. Mpeleke kwenye harusi, atapotea, utamkuta nyuma ya spika akichungulia nyaya. Redio yangu aliifungua tukiwa bado wachumba. Ilirudi ikiimba vizuri tu, ila kipande kimoja kilibaki mezani, na hadi leo hajui kilikuwa cha kazi gani. Nikaolewa naye hivyo hivyo, macho yangu yakiona.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea nyumbani, chumba cha mbele, sare za shule na mapazia, na mashine yangu ya ovaloki inakata kingo za vitambaa kutwa nzima. Ikikata inamwaga vumbi la nyuzi, laini kama unga. Linaingia kwenye zulia, kwenye makochi, kwenye nywele. Kwangu si neno. Kwa mama mkwe, anayeishi nasi na ana pumu, lilikuwa balaa. Nikifagia anakohoa, nisipofagia anakohoa. Na nikitoka kazini nikaingia sebuleni, yeye hunyanyuka, akabeba kiti chake akaenda uani. Jamani, iliniuma. Nilijua kifua kinamsumbua, lakini moyoni nikasema huyu mama hanitaki, kifua amekipata kama kisingizio.

Mwaka mmoja pumu ikazidi. Shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, akapiga simu kwamba mwisho wa mwezi atakuja na gari amchukue mama akaishi kwake, mji wa mbali. Mama akakubali, akaanza kukunja nguo zake. Mume wangu akanywea. Baba yao alifariki mapema, na mama huyo ndiye aliyewalea. Kuniambia niache cherehani hakuweza, maana kazi za bomba zikiadimika tunakula kwa cherehani.

Sasa mwanamume mwingine angekaa akasikitika. Wangu akaenda kwa jirani yetu nesi, akaazima mashine ya kufyonza vumbi, ile ya kuburuta sakafuni. Akafunga pazia, akaacha upenyo mmoja tu wa jua, akaiwasha. Kisha akalala chini kifudifudi kuitazama nyuma. Akaniita nije nione: mashine inameza vumbi kwa mbele, na lile jembamba kabisa linatokea nyuma pamoja na upepo, linaelea kwenye mwanga. Yaani tulikuwa tunalichota na kulirusha upya. Mama, chumbani kwake, alikuwa ameshaanza kukohoa.

Siku chache baadaye akaitwa kutengeneza sinki kwenye nyumba moja kubwa. Huko akamwona mwenye nyumba anachomeka mpira mrefu kwenye tundu la ukutani na kusafisha zulia, mashine yenyewe haionekani wala haisikiki. Sinki likasahaulika. Akafuata bomba ukutani, darini, hadi gereji, akakuta mota imetundikwa juu ya pipa, na hewa yake inapulizwa nje kabisa ya nyumba. Maswali aliyomwuliza yule bwana sijui hata idadi yake. Najua tu kwamba bwana alikuwa na mota ya zamani aliyoibadilisha, na akampa aondoke nayo.

Ikaanza kazi. Mota na pipa vikafungwa kwenye stoo ya uani, mabomba yakapita darini, tundu moja sebuleni, moja chumbani kwa mama, moja kwenye chumba changu cha kushonea. Kila kona aliipinda taratibu ili vumbi lisikwame. Nyumba ilikuwa vurugu tupu, lakini nami nikajikuta nashika ngazi na kuuliza maswali. Ugonjwa wake unaambukiza.

Alipomaliza, akafanya kile ambacho fundi bomba yeyote hufanya akishaunganisha mabomba: akayajaza maji, akapita na tochi kutafuta panapovuja. Hapakuvuja hata tone. Akayamwaga kwa madaha, akawasha mota, akanikabidhi mpira. Mwanzo ulivuta hadi ukataka kuninyang'anya gauni. Halafu ukalegea, ukakata roho. Vumbi la nyuzi lilikuwa limekutana na ukuta uliolowa, likawa ugali ndani ya bomba.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka. Zilikuwa zimebaki siku mbili shemeji afike. Akapanda darini, akakata bomba, akazibua kwa waya na matambara, akaunganisha tena, kisha akaiacha mota ivute hewa tupu mpaka mabomba yakakauka.

Asubuhi ya Jumapili tukajaribu tena. Nilisafisha chumba cha mama, sebule, zulia lote, makochi hadi mianya yake, bila kuburuta chochote zaidi ya mpira mwepesi. Ngurumo ilibaki kule stoo. Mama alikuwa uani kwa tahadhari. Tukamwita ndani, akaja kwa hatua za wasiwasi, akaketi, akasubiri kikohozi. Hakikuja. Shemeji alipofika alimkuta bado ameketi pale pale, mabegi yake mlangoni.

Mimi nilikuwa na sare za watu za kumalizia. Nilipomaliza nikajipitishia mpira mwilini, mikono, kifua, kichwa, ndipo nikaenda kumsalimia shemeji. Nikasimama mlangoni kama kawaida yangu, nimpe mama nafasi ya kunyanyuka na kiti chake.

Hakunyanyuka. Alisogea, akapigapiga kochi kando yake.

"Njoo ukae, mwanangu," akasema. "Miaka yote hii nimekaa na wewe kwa kukutazama kutoka dirisha la uani."

Nilikaa. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyazuia. Shemeji akauliza kama aanze kupakia mabegi, mama akamwambia ayarudishe chumbani. Kisha akaegemeza kichwa chake begani kwangu, akavuta pumzi ndefu, akaishusha polepole.