Siku Hisa za Marehemu Zilipozaa

Mbuzi alikuwa wangu, sikukopa kwa mtu, hilo nalisema kabla hamjaniuliza. Cheka tu, Mama Teo, wakati paja ulikula wewe. Ila aibu niliyoipata pale benki mjini, mpaka leo nikipita njia ile najifunika kanga mpaka puani.

Mnamkumbuka marehemu mume wangu, Mzee Kandidi, yule wa kuongea polepole kama maneno ananunua. Mwaka mmoja tumbaku ilitulipa vizuri kule Namtumbo, mimi nasubiri cherehani, mwenzangu karudi na karatasi. "Nimenunua hisa za kampuni ya sigara, Marselina. Sasa kampuni ile na sisi ni yetu kidogo." Nilinuna wiki nzima (ugali nampikia, mboga hapana). Akacheka tu, akasema, "Usije ukaziuza. Mimi nikiondoka, hizi ndizo zitakuuliza umekula nini." Na kweli jamani, alipoondoka, kila mwaka gawio linaingia, dogo, la mbolea na sabuni na kilo ya nyama, na siku hiyo naona kama amerudi kutoka shamba, naweka hata sahani yake mezani, mtu mzima mimi.

Basi Jumamosi moja jumuiya iko kwangu, hapa hapa Msamala, tumemaliza kusali, ujumbe ukaingia kwenye simu. Kusoma sijui, nikampa katekista, naye mnamjua, hata bei ya nyanya anaisoma kama Injili: "Mwanahisa mpendwaaa, kila hisa mojaaa, sasa imekuwa hisa kumiii." Nikauliza, zangu mia je? "Ni elfu mojaaa!" Vigelegele! Mimi kichwani nikaona kuku na vifaranga: mia za mzee ndiyo mama, hizi mia tisa ni watoto, na vifaranga mtu anauza, mama anabaki. Ningesema ngoja kwanza nikaulize. Wapi! Nikachinja mbuzi, nikasimama katikati ya watu, nikasema mia tisa nauza zote, kanisa letu la kigango liezekwe bati jipya. Wakaniandika kwenye daftari la jumuiya, wakanipigia makofi ya kilo.

Jumatatu nikasema naenda benki, wakasema hatukuachi peke yako, wakaja kumi na wawili na vitenge vya sare, wanaimba mpaka mlangoni, mlinzi akadhani tumeleta bibi harusi (mwenyewe nilikuwa nimejipaka mafuta mpaka kwenye visigino). Binti wa dirishani akajaza fomu, akanichovya dole gumba kwenye wino, mara akasita. Sauti laini, kama anabembeleza mtoto wa homa: "Bibi, samahani. Unajua unauza nini?" Nikasema nauza vifaranga, mama abaki.

"Hazijazaa, bibi. Zimekatwa. Kila hisa imekatwa vipande kumi, na bei ya kila kipande imeshuka hivyo hivyo. Mali yako ni ile ile ya juzi. Ukikaa nazo, gawio litakuja kama zamani, na kampuni ikikua na zenyewe zinakua. Ukiuza mia tisa, unabaki na fungu moja tu katika mafungu kumi ya alichokuachia babu."

Dole likabaki hewani. Nikaiona ile sahani ya mzee, nikajiuliza mwakani nitaiwekea nini. Na nyuma yangu katekista: "Lakini umeahidiii, mama, mbele ya Munguuu." Watu wote kwenye foleni wamegeuka, waimbaji wangu wananitazama, na mimi ninayewatania mtaa mzima jasho linanitoka, machozi yanatoka, sijui kipi ni kipi. Niliapa pale pale: ujumbe wa hisa ukija tena, naenda kuuliza kwanza, kisu kikae jikoni.

Sasa alikuwepo wifi yangu Pelagia, dada wa marehemu, ambaye tangu naolewa hajawahi kunisifia hata chai. Akasukuma watu kwa kiwiko, akaichukua ile fomu, akaitazama (naye kusoma hajui), akaikunja akaitia kwenye kwapa. Akamgeukia katekista.

"Bati tutachangishana. Mfuteni dole huyo, twende zetu."