Ukoo wa Mchezo wa Matofali

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kuliko ninavyopenda. Ilikuwa miaka ya tisini, kwetu Shianda, nami nimemaliza shule na kujiona nimemaliza dunia. Binamu yangu Makokha, aliyekuwa akisoma kilimo chuoni Bukura, alikuja likizo na kidude cha mkononi chenye kioo kidogo. Matofali yanaanguka, wewe unayapanga yasijae. Cheka tu, wewe simu yako unalala nayo.

Kidude kile kilikula betri bila kushiba. Zilipoisha, nilichomoa mbili za redio ya Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, nikairudishia zile zilizokufa. Na nilijua kwa nini redio ile haikosi kufunguliwa. Dada wa pekee wa Kukhu, aliyeolewa mbali upande wa Lugari, alikuwa mgonjwa sana. Simu hatukuwa nayo. Habari za msiba zilikuwa zikitufikia kwa matangazo ya vifo, redioni kila jioni. Nilijiambia nacheza leo tu, kesho nitanunua zingine. Kesho ikazaa kesho nyingine.

"Hii redio inasemanga kila siku," Kukhu akauliza, "leo imenyamaza aje?"

"Betri zimechoka, Kukhu."

Tukazianika juani, kama tulivyozoea, zipate nguvu kidogo. Alizigeuzageuza kama mahindi, akazirudisha kwenye redio, akatega sikio, akazianika tena. Niliogopa kusema, nikaogopa kunyamaza, na katikati ya hofu hizo mbili mkono ulirudi kwenye matofali. Mchezea tope humrukia, lakini nani humwambia kijana akasikia?

Siku ya tatu jirani yetu, Mama Nekesa, alipita njiani akasimama ghafla.

"Bado mko hapa? Si tangazo limetoka juzi na jana? Mazishi ni leo!"

Sijaona safari ndefu kama ile. Kukhu hakulia, kila mara aliuliza saa. Mimi nilimwomba Mungu mazishi yachelewe, nikamwahidi mambo ambayo mengine mpaka leo sijayatimiza. Tulipofika, watu walikuwa wananawa mikono baada ya kuzika.

Kukhu aliuliza neno moja tu: kama dada yake alimtaja. Wakamwambia, kila siku.

Tuliporudi nyumbani nilikiri yote, nikingoja fimbo. Yeye akamwita Makokha, akakiweka kile kidude mezani, akauliza vile huulizwa mchumba anayeletwa nyumbani:

"Hii kitu ni ya ukoo gani? Babake ni nani?"

Makokha akajibu kama mwanafunzi mbele ya mtahini. Mchezo huu wa matofali, alisema, ulibuniwa na Mrusi mmoja kwenye kompyuta ya kazini. Kabla yake kulikuwa na vifaa vya kuchomeka kwenye televisheni za nyumbani, na mashine kubwa za kuchezewa kwenye mabaa. Na zamani zaidi alikuwako mwanasayansi Mmarekani. Maabara yake ilipokea wageni, akahofia watachoshwa na mitambo isiyofanya kitu, basi akawaundia tenisi ya nukta ya mwanga inayorukaruka kwenye kioo. Watu walipanga foleni.

"Na hiyo ya kwanza iko wapi?"

"Waliivunja, Kukhu. Vyombo vikarudi kazini."

Kukhu akakisogeza kile kidude kando. "Kumbe mwenyewe alifanyia wageni. Wageni wakaenda, ikavunjwa." Akanigeukia, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sasa wewe, ulikuwa na mgeni gani, mpaka dada yangu akaningoja hivyo?"

Nilichomoa zile betri mbili, nikazirudisha kwenye redio yake.

Basi sikiliza, mwanangu. Sikukatazi kucheza, mchezo ulizaliwa kwa ukarimu, hauna ubaya wa asili. Ila kabla hujaanza, tazama nguvu unazotumia ni za nani, na nani hapo nyumbani anangoja kusikia jambo. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata ukisema kwa machozi. Mimi ningesema siku ya kwanza, Kukhu angefika. Ndiyo hofu yangu juu yako, na ndiyo maana nakusumbua.

Mungu akujalie michezo mingi na wapendwa wengi. Na siku watakapokuita, akufikishe wangali wanaweza kukuona.