Siku Niliyouza Mabati

Mke wangu alinipa sharti moja tu kabla ya kutoka Ukunda kwenda harusini Msambweni. "Mtu akikuuliza wafanya kazi gani, sema wauza mabati."

Nilimwelewa. Huku kwetu watu wakishajua kwamba wewe ni daktari, sinia la pilau hugeuka zahanati. Huyu atakuonyesha goti, yule atatoa vidonge mfukoni akuulize ni vya nini. Nami wiki hiyo nilikuwa hoi: wagonjwa wawili kitanda kimoja, glavu zimekwisha, na jamaa zao wananifokea kana kwamba nimezificha kwangu. Nilikuwa nimemwahidi mke wangu siku nzima bila hospitali. Ahadi za namna hiyo nilizivunja nyingi, na hii alisema ndiyo ya mwisho.

Basi nikaketi mkekani, nikauza mabati. Mjomba wa bwana harusi aliyekula nami sinia moja akataka kujua kama mabati ya rangi hupauka upesi kwa chumvi ya bahari. Nilimjibu bila kusita kwamba ya kijani ndiyo yanayostahimili. Sijui nililitoa wapi jibu hilo.

Mara mjomba akaacha kula. Kijasho kilimtoka, akawa anasugua taya.

"Ni gesi tu," alisema. "Pilau imenizidi."

"Maumivu yashuka mkononi, mjomba?"

"Yashuka."

"Na kifua chabana?"

Jirani yetu pale mkekani akanitazama. "Bwana wee, na haya pia ni mambo ya mabati?"

Niliomba aspirini, nikamwambia mjomba aitafune, nikaagiza mke wangu aitwe kutoka uani kwa wanawake. Alinikuta nimeshika mkono wa mzee nikisikiliza mapigo. Alichukua ufunguo wa gari, akatuendesha mpaka hospitali ile ile ninayofanyia kazi.

Wenzangu waliicheka kanzu yangu. Niliikunja mikono, nikaingia kazini, na kufikia alasiri moyo wa mjomba ulikuwa umetulia, naye anauliza pilau yake iko wapi.

Mke wangu alikuwa kwenye benchi nje.

"Nisamehe," nilimwambia. "Najua niliahidi."

"Si hilo. Nilikuchungulia dirishani, nikakuona wacheka na wenzio. Nyumbani mara ya mwisho ulicheka lini?"

Nililitafuta jibu njia nzima mpaka Ukunda, wala sikulipata.